Mume Wangu Anataka Niseme "Ndiyo" Mbele ya Land Board

Tafadhali msiweke jina langu, maana mume wangu pia husoma huu ukurasa.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi Nakuru, nina watoto wawili na kibanda cha kushona nguo. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Tangu tuoane hajawahi kuniinulia mkono. Nasema hivyo ndio mjue huyu si mlevi wala mtu wa fujo. Lakini siku hizi nikisikia geti ikifunguliwa, naita watoto wakae karibu nami.

Mwaka jana alinunua kompyuta ya mitumba, ikaja na mchezo wa chess ndani. Akitoka shule, kabla hata ya kunywa chai, anaketi kucheza na hiyo mashine. Nilifurahi, nikasema afadhali hii kuliko baa. Ilikuwa inamshinda kila siku. Halafu jioni moja karibu na Krismasi akapiga nduru mpaka majirani wakaja. "Mama Kevo, nimeishinda! Level ya juu kabisa!" Siku hiyo tulipika chapati, tukacheka sana.

Haukupita muda, baada ya kura, nchi ikachafuka. Mamangu alichomewa nyumba upande wa Molo, akafika kwangu na leso aliyojifunga na redio isiyo na betri. Mpaka leo analala sitting room yetu, nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa na kishamba Subukia, nilichonunua na pesa ya cherehani, na title, yaani hati ya shamba, iko kwa jina langu. Nikamwahidi nikipata mabati nitamjengea huko vyumba viwili, awe na kwake tena.

Mume wangu naye akaingia hisa. Wakati huo kila mtu alikuwa anaongea hisa, hata kanisani. Shida ni kwamba hakununua akatulia. Leo ananunua, wiki ijayo anauza, anakimbilia zingine. Nikimuuliza anasema, "Hii ni kama chess tu. Mimi naona mbele." Bei zilipoanza kushuka ndio akazidi. Siku moja alinipeleka kwa ofisi ya broker wake wa hisa, nafikiri alitaka nione vile wanamheshimu. Alipotoka nje kushika simu, nikamuuliza msichana wa pale mbona pesa yetu inaisha hivi.

Akapunguza sauti. "Mathe, kila akinunua tunakata komisheni, na akiuza tunakata tena. Hata akiuza kwa hasara, bado tunakata. Nimemwambia atulie, hasikii."

Jioni hiyo nikampelekea chai akicheza. Kompyuta ikamla malkia wake. Akabonyeza mahali, malkia akarudi, akamcheza kwingine. Ikamkamata tena, akarudisha tena. Nikauliza, "Kwani inakubaliwa kurudisha?"

Hakugeuka. "Mimi hurudisha siku zote. Kwani ulifikiri niliishinda aje?"

Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nikaiweka ile trei chini. Huyu mtu alikuwa amechukua pesa ya karo na ya mabati yetu akaenda nayo sokoni akiamini kweli ana akili ya kushinda mashine.

Wiki iliyopita jirani wa Subukia akanipigia simu. "Mama Kevo, kwani umeuza shamba? Kuna watu wanapima huku." Nilifunga kibanda nikaenda mbio. Nikampata mume wangu amesimama katikati ya mahindi yangu na wanaume wawili wameshika tepu. Akanishika mkono, si kwa nguvu, akanivuta kando huku akitabasamu.

"Usiniaibishe mbele ya watu. Nimeshachukua deposit. Hisa zikipanda nitakununulia kubwa kuliko hii. Jumanne tunaenda land board, kwa wale wazee wanaopitisha mauzo ya shamba, na wewe mwenye title utasema umekubali."

"Baba Kevo, na mama?"

"Mama yako ana watoto wengine."

Nikamwambia siwezi. Tabasamu halikutoka usoni. "Basi usinilaumu kwa kitakachotokea." Akarudi kwa wale wanaume, akaendelea kuwaonyesha mpaka.

Sijui alimaanisha nini, na kumuuliza naogopa. Title haiko tena kabatini. Tangu siku hiyo haongei na mtu. Anaketi mbele ya kompyuta hata ikiwa imezimwa, ameikodolea macho tu. Watoto wanapita nyuma yake kwa ncha za vidole. Mimi nimehamia chumba chao, nalala nimeegemeza kiti mlangoni, na bado usingizi haunishiki.

Nikikataa, naogopa atajifanyia kitu, ama atufanyie sisi. Nikikubali, pesa itaenda kwa broker ikatwe tena mpaka iishe, na shamba hatutaliona tena. Dadangu ananiambia niende kwa chifu. Pastor ananiambia nitii mume wangu.

Jana asubuhi nimempata mama akikunja nguo zake, anazipanga ndani ya gunia. Kumbe amekuwa akisikia kila kitu kupitia hilo pazia. Nikamshika mikono aache, akaendelea kukunja.

"Kubali tu, mami," akaniambia. "Mimi nishazoea kuhama."

Wenzangu mnaosoma, Jumanne imekaribia. Wale wazee wa board wakiniangalia na kuniuliza kama nimekubali, mume wangu amesimama kando yangu, niwajibu nini?