Kibanda cha Koch

Mtoto wa Levis Koch alikuwa na siku tisa duniani, na fomu yake bado ilikuwa mezani, nafasi ya jina la ukoo ikiwa nyeupe. Jina la kwanza lilikwishapatikana: Bradley, chaguo la mama yake, Melissa. Kazi ilikuwa hapo kwenye Koch. Levis alikuwa ameapa kwamba jina hilo litaishia kwake, na kule Kenya baba yake alikuwa ameapa kwamba halitaishia hapo.

Tumwelewe kidogo. Mtu aliyekulia Nairobi akiitwa Koch hahitaji adui mwingine. Koch ndiyo Korogocho midomoni mwa vijana, mtaa wa mabanda unaosemwa umejaa wezi, na ingawa Levis alizaliwa mtaa wa Umoja, shule nzima ilimwita "wa Koch" na kuficha kalamu akipita. Akasoma uuguzi, akapanda ndege, akafika Doha akidhani kejeli hizo ameziacha nyuma. Siku ya kuandikiwa kitambulisho, karani alilisoma jina kwa herufi za Kiarabu, akalirudia, akacheka mpaka akatoa kitambaa cha kufuta machozi. Kwa Kiarabu, kukh ni kibanda. Kibanda cha miti, cha mchunga mbuzi. Tangu hapo Levis alivaa beji yake ya hospitali ikiwa imegeuzwa, jina ndani, na akiulizwa alisema kamba ni mbovu.

Aliyeigeuza tena, jina likatoka nje, ni Bi Hannah, mwalimu mstaafu kutoka Ujerumani aliyekuja kumtembelea binti yake akavunjika nyonga. Asubuhi moja Levis alipokuwa akimtembeza wodini, bibi huyo aliyumba, akaishika beji ili asianguke, akaisoma, akasahau maumivu.

"Koch? Wewe ni Koch? Mimi ni Koch!"

Levis alilijua hilo tangu siku ya kwanza, kwenye faili, akajinyamazia. Sasa hapakuwa na pa kukimbilia. Ikawa ndugu yangu huku, ndugu yangu kule, na kila mzunguko wa wodi ukawa darasa.

Koch kwa Kijerumani ni mpishi, alimweleza. Zamani kwao mtu alikuwa na jina moja tu. Miji ilipojaa, mtaa mmoja ukawa na akina Hans watano, na karani wa mji asijue yupi ni yupi. Akawa anauliza: Hans, wewe unafanya nini? Anayesaga unga akawa Müller, anayefua chuma akawa Schmidt, anayepika akawa Koch. Watoto wakarithi, hata yule asiyejua kuchemsha yai. Bi Hannah alikuwa ametumia miaka ishirini kwenye vitabu vya makanisa, akirudi nyuma kizazi baada ya kizazi, mpaka mstari wa mwisho kabisa: mpishi wa watawa, na mkewe. Basi.

"Kazi yake ninayo, jina lake sina," alisema. "Nitakufa sijalijua. Na wenu wa kwanza, yeye aliitwa nani?"

Nyumbani kina Levis waliambiwa tu kwamba baba wa babu yake alimpikia mmisionari Mjerumani kule Ukambani, mzungu akamwita kwa kazi yake, ikabaki hivyo. Kupigwa chapa kama ng'ombe, hilo ndilo lililomuuma kuliko Korogocho. Lakini jina lake mwenyewe? Hakuwahi kuuliza. Aliona haya, haya ya kweli, mbele ya mtu aliyetafuta miaka ishirini.

Zamu ilipoisha hakungoja kufika nyumbani. Alisimama nje ya kituo cha metro, jua likimchoma utosi, akampigia simu Susu Nduku, yaani bibi kwa Kikamba, dada ya babu yake mwenye miaka themanini na saba, kitinda mimba wa huyo mpishi wa mmisionari.

"Susu, baba yako aliitwa nani kabla ya Koch?"

Susu alishusha sauti.

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa, Susu. Nimepata mtoto. Nataka kujua nampa nini."

"Hakuna mzungu aliyempa hilo jina," Susu akasema polepole. "Lilikuwa neno la kazi tu, alilichukua mwenyewe. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipoanza, yule mmisionari alishikwa, jiko likapata bwana mwingine. Halafu wakaja askari na orodha, wanatafuta vijana wa kutia Kariakoo, kikosi cha kubeba mizigo ya jeshi. Wakaingia mpaka jikoni. Wakauliza, Mulwa wa Ngui yuko wapi? Baba, Mulwa mwenyewe, amesimama na mwiko mkononi. Akawaambia, simjui, mimi ni Koch, mpishi wa bwana. Mpishi wa mzungu alikuwa haguswi. Wakaenda. Wakachukua vijana kumi na mmoja, na ndugu yake Muia akiwa mmoja wao. Alirudi mmoja, na si Muia."

Levis aliegemea ukuta.

"Hakujiita Mulwa tena. Kina mama wa wale vijana walikuwa wanauliza, Mulwa alikuwa wapi? Aliniambia mimi peke yangu, akilia, akanikataza kusema. Nimenyamaza miaka sitini."

"Na mbona unaniambia leo?"

"Hakuna mwingine aliyewahi kuuliza."

Levis alilia palepale, mtu mzima na mkoba wake begani, watu wakimpita. Alimlilia Muia ambaye hakuwahi kumsikia, na mpishi aliyekaa maisha yake yote ndani ya uongo wa neno moja. Alimweleza Melissa alipofika nyumbani. Melissa alimfunika mtoto vizuri, akasema, "Bila huo uongo, huyu angetoka wapi?"

Kesho yake alipeleka fomu kwenye ofisi ya taipu mtaa wa Najma, wanakojaziwa watu fomu kwa Kiarabu. Mchapaji, mzee wa Kisudani mwenye miwani puani, aligonga herufi za Kiarabu taratibu: Bradley Mulwa Koch. Akafika neno la mwisho, vidole vikasimama.

"Rafiki yangu, una hakika? Hili kwetu ni kibanda."

"Najua," Levis akasema, akaweka kidole kwenye neno la katikati. "Na huyu hapa ndiye aliyejificha ndani yake."