Milioni moja na moja

Siku moja kabla vita haijafika Bukavu, prof wetu wa hesabu alitupa kazi: tafuteni namba inayogawanya milioni moja na moja bila kubakisha kitu, isiwe moja wala yenyewe. Kesho yake shule ikafungwa.

Nyumbani tulijificha kwenye koridoo, mbali na madirisha. Daftari sikuwa nalo, nikaandika sakafuni kwa makala, kipande cha mkaa wa jikoni. Nilijaribu tatu, saba, kumi na moja, nikapanda mpaka tisini na saba. Zote zilibakisha. Tonton, mjomba wangu, akasema, "Acha, binti yangu. Hiyo haigawanyiki." Nikakataa. Askari wakaingia kuchukua redio yetu, na buti zao zikafuta hesabu yote. Walipotoka tu, niliokota makala yangu. Nikajaribu mia moja na moja. Ikaingia mara elfu tisa mia tisa na moja, haikubakisha hata kimoja.

Shule ilipofunguliwa, nusu ya mabenchi yalikuwa matupu. Prof akaanza somo jipya. Nikasimama.

"Prof, na ile devoir ya milioni moja na moja?"

"Ile ilikuwa ya mbele ya vita. Tuliiacha."

Nikaenda ubaoni bila kuitwa, nikachukua chaki mkononi mwake.

"Mimi sikuiacha."