Mwindaji Chumbani kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alifika kabla ya siku aliyosema. Alipata lifti ya lori la mpunga kutoka kijijini kwao Bukombe, akaona ya nini kusubiri, akapanda. Mimi nilikuwa kibandani kwangu hapa Buseresere, ninakotengeneza simu. Nilikuwa nimeinamia simu ya mchimbaji mmoja iliyojaa tope hadi kwenye spika, mke wangu aliponipigia. Mama amekuja, akasema. Ameshaoga, ameshakunywa uji, sasa amejinyoosha chumba cha wageni.

Nikasema karibu yake sana. Halafu nikakumbuka kilichokuwa juu ya meza ya chumba hicho, nikaweka bisibisi chini.

Niseme mapema ili nisionekane mwehu: ninafuga buibui. Nikisema hivyo wengine hucheka, wengine husogeza kiti. Nilianza bila kupanga. Siku moja kibandani niliona kitu kama kipande cha jani kavu juu ya waya wa taa, nikakipuliza. Hakikuanguka. Kiligeuka kikanitazama. Nikachukua kioo cha kukuzia, kile ninachoangalizia simu zikiwa wazi, nikaona macho mawili makubwa ya mbele, meusi, yametulia kabisa, na mengine madogo pembeni. Sijawahi kutazamwa na mdudu namna ile. Hata wateja wengi hawanitazami hivyo, wao hutazama simu zao.

Buibui huyo hakai kwenye utando wake akingoja riziki imfuate. Yeye huingia kwenye utando wa mwingine. Hutembea kwa kutikisika, hatua moja, kimya, hatua nyingine, ukadhani ni takataka inasukumwa na upepo. Akifika pembeni huanza kuzigusa nyuzi kwa miguu, polepole, zitikisike kama zinavyotikiswa na inzi mdogo aliyenasa. Mwenye nyumba anatoka kuja kula, na hapo yeye ndiye anayeliwa. Na akikuta mwenye nyumba ni mbabe, huyu wangu hamwendei moja kwa moja. Anageuka, anazunguka mbali hadi wewe unayetazama unaona amekata tamaa, halafu anatokea juu na kushuka kwa uzi wake. Nilimpa kopo kubwa la plastiki lililokuwa la peremende, nikamwekea vijiti na pamba yenye maji. Buibui wa miguu mirefu wanaojaa bafuni niliwaweka kwenye makopo madogo, wawe akiba yake.

Mke wangu alinivumilia. Alisema wanaume wengine wa hapa wanafuga vimada, heri mimi. Sharti lake lilikuwa moja tu, makopo yasikae chumba tunacholala. Ndiyo maana yalikuwa chumba cha wageni, na Jumamosi ndiyo niliyopanga kuyahamishia kibandani kabla mama hajaja. Yeye akaja Ijumaa.

Asiye wa huku atauliza, si ungeingia ukayatoa? Singeweza. Kwetu Wasukuma mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani hovyo. Hatupeani mikono, hatuli pamoja, tukishasalimiana maneno mengine hupitia kwa mtu wa kati, na chumba alichotandika yeye mimi sikanyagi, hata kama nyumba ni yangu. Begi lake lilipogusa sakafu, chumba kilikuwa kimekwisha kuwa chake. Nilirudi nyumbani mbio, nikasimama sebuleni, nikasalimia pazia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mhola?"

"Mhola, mama. Za Bukombe?"

Nikasikia kopo likisogezwa mezani. Nilijua ameshaona.

Alikuwa ameona zaidi ya nilivyodhani. Siku hiyohiyo, alipojinyoosha kitandani, alimkuta mwindaji wangu amembeba buibui wa miguu mirefu, anamfyonza taratibu. Kati ya wawili niliokuwa nimemtilia kwenye kopo lake, alikuwa amebaki mmoja tu, ametulia kwenye utando wake juu. Mama hakupiga kelele. Alikaa nalo jambo hilo Jumamosi nzima, akaenda nalo misa ya Jumapili, aliporudi akafunga begi lake na la mwanawe, akayaweka mlangoni.

Mke wangu alikuja sebuleni ameshika tumbo kwa mikono yote miwili. Mimba ilikuwa ya miezi ya mwisho. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama anasema tunaondoka kesho asubuhi," akaniambia. "Anasema umefuga mnyama anayekula ndugu zake, tena kwenye nyumba yenye mimba."

Nilielewa, na ndilo lililonitia hasira zaidi. Kwetu mtu anayekula watu wa kwao ana jina lake, na jina hilo halitajwi kwa mzaha. Mwaka uliotangulia mimba yetu ya kwanza ilikuwa imeharibika. Na huku kwenye dhahabu maneno hayaishi, kwamba mganga anaweza kumtaka mwenye shimo atoe damu ya nyumbani kwake ndipo dhahabu ionekane. Mimi sichimbi, lakini mchimbaji mmoja aliwahi kuliona lile kopo kibandani, kabla sijalileta nyumbani, akainama na kuniuliza kwa sauti ya chini kama hiyo ni dawa ya mali. Nilimfukuza na simu yake ikiwa haijapona. Sasa naulizwa swali hilohilo ndani kwangu, na mke wangu atapanda basi na tumbo lile, kisha pikipiki kwenye barabara yenye mashimo, akajifungulie kijijini mbali na kituo cha afya. Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, niliogopa sana, na mimi nikiogopa nafoka.

"Mwambie mama," nikasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "simlishi mdudu mimba mimi. Namlisha buibui."

Nyumba yetu haina dari, kuta zinaishia chini ya bati, kwa hiyo mama alikuwa anasikia kila neno. Lakini adabu ni adabu. Mke wangu akavuka pazia, akamwambia alichokwisha kusikia, akarudi na jibu ambalo mimi pia nilikuwa nimekwisha kulisikia.

"Anasema ndugu ni ndugu."

"Mwambie hao si ndugu. Paka na panya wote wana miguu minne, na hatusemi paka anakula ukoo wake."

Kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti, imeelekezwa kwa mwanawe: "Mwambie mwenzio, paka wengine nao si wa kuaminika."

Mke wangu, maskini, alicheka. Alicheka huku analia, akakaa kwenye mkeka, akasema hasafirishi tena maneno ya mtu yeyote. Kicheko kile kilinishusha. Niliingia chumbani kwetu, nikatoa kioo cha kukuzia kwenye mkoba wangu wa kazi, nikampa.

"Mpelekee mama hiki. Mwambie namwomba kitu kimoja. Akae karibu na lile kopo kubwa, aangalie, hadi mwisho. Akiona ni uchawi nitawasindikiza stendi mwenyewe."

Ilikuwa saa za mchana, bati linapigapiga kwa joto. Nilivuta stuli sebuleni, nikakaa nimeligeuzia pazia mgongo. Mke wangu alikaa katikati, mlangoni, mguu mmoja huku na mwingine kule. Nikaanza kumweleza, naye anapeleka. Kile kinachofanana na jani kwenye kijiti ndicho chenyewe. Juu kwenye kona kuna mwingine wa miguu mirefu, amekaa kwenye utando. Aangalie jani.

"Anasema jani limelala," mke wangu akasema.

"Halijalala. Asubiri."

Tulikaa. Jirani alikuwa anatwanga, kinu kikanyamaza, akaanza tena.

"Anasema limesogea. Anasema linatetemeka kama mzee wa homa."

"Ndivyo linavyotembea."

"Anasema amefika kwenye nyuzi. Anazigusa. Yule wa juu naye anajitikisa, anajizungusha kwa nguvu."

Nikajua yule wa juu ameshtuka. Wale wa miguu mirefu wakihisi hatari hujitikisa hadi huwaoni vizuri. Mwindaji wangu alikuwa bado kijana, na ningekuwa mle ndani ningejua kama anaendelea au anaacha. Mara mke wangu akasema, "Ameshuka. Anaondoka. Mama anasema amekimbia."

Akikimbia kweli, basi mama ameona mdudu mwoga kwenye kopo na hajaona chochote kingine, na kesho wanapanda basi. "Mwambie asiondoe macho," nikasema. "Mwambie tafadhali."

Jirani akamaliza kutwanga, akaanza kupepeta. Mke wangu akasinzia akiwa ameegemea fremu ya mlango. Sikutaka kumwamsha, na bila yeye sikuwa na njia ya kuuliza. Nilikaa na stuli yangu, mtu mzima, nimefungiwa mdomo na pazia la maua.

Ndipo mama mkwe wangu akasema, kwa sauti kamili, bila "mwambie" wala nini:

"Baba! Yuko juu! Amepanda kijiti cha nyuma, yuko juu yake, na huyu wa watu hana habari!"

"Usiliguse kopo, mama!"

"Siligusi! Anashuka... anashuka na uzi... jamani, jamani, amesimama... Mungu wangu. Amempata."

Mke wangu akaamka akatukuta tunazungumza wenyewe kwa wenyewe kupitia ukutani. Mimi na mama tukakatisha maneno, kama watoto waliofumwa jikoni. Nilisikia kitanda kinalia, mama alikuwa ameketi.

Alipoanza tena kusema alirudi kwenye utaratibu, akamwelekezea mwanawe, ila polepole, ili nisikose neno.

"Mwambie mwenzio hivi. Kaka yako kule machimboni alikuwa na kibuyu chini ya kitanda. Kilikuwa kimefunikwa kwa kitambaa na hakuna aliyeruhusiwa kutazama. Mimi sikuingia, mama haingii chumba cha mwanawe mtu mzima. Shimo likamfukia, na mpaka leo sijui ndani ya kile kibuyu kulikuwa na nini."

Nilikuwa najua shemeji yangu alifukiwa. Habari za kibuyu sikuwahi kuzisikia, na mke wangu naye hakuzijua, nilimwona usoni.

"Huyu kopo lake linaonyesha mpaka ndani," mama akaendelea. "Tena ameniletea cha kuonea. Mwenye dawa hamwambii mtu aangalie."

"Asante mama," nikasema.

"Wabeja nawe, baba," akasema, yaani asante na wewe. Kisha nikasikia zipu ya begi, na henga za waya kwenye msumari, na kanga zinakung'utwa moja moja na kutundikwa. Sijapata kusikia sauti nzuri kuliko ile. Nilitoka nje nikaegemea ukuta, nikacheka peke yangu.

Makopo hayakuhama. Nilijitolea kumtuma mke wangu ayatoe, mama akasema yaache. Yeye ndiye aliyekuwa akilowesha pamba, na asubuhi nikipita sebuleni kwenda kazini nilipewa taarifa na pazia: amekula, hajala, amejificha nyuma ya kijiti, leo ana kiburi.

Mtoto alizaliwa kituo cha afya cha hapahapa, wa kike, mzima, mwenye sauti. Waliporudi nyumbani, mke wangu alipelekwa moja kwa moja kitandani, akalala. Mtoto alikuwa mikononi mwa mama, na mimi siwezi kupokea kitu kutoka mkononi mwa mama mkwe. Nilisimama uani sijui niingie au ningoje.

Nilisikia miguu yake sebuleni. Alitandika kanga juu ya mkeka, akamlaza mtoto, akarudi nyuma ya pazia na kulivuta vizuri.

"Haya baba," akasema. "Njoo na wewe uangalie."