Asiye na Mdomo

Mwaka ule wa ugonjwa wa kifua watu wa Karatu walinishukuru sana, na shukrani zao zilinitisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Nilikuwa mhudumu wa afya wa jamii. Kazi yangu ilikuwa kuwafuata wagonjwa majumbani: wazee wasioweza kupanda pikipiki, waliokataa katakata kwenda hospitali, na wale ambao ndugu zao walisema ni mafua tu, au changamoto ya upumuaji, jina tulilolipenda kwa sababu halikumtaja mtu. Nilivaa gauni jeupe la plastiki, glovu, barakoa, na juu ya barakoa ngao ya uso iliyojaa ukungu wa pumzi zangu mwenyewe. Nilipopita kwenye vijia vya mashamba ya mahindi, mbwa walionijua miaka yote hawakubweka. Mimi naogopa mbwa tangu utotoni, ningepaswa kufurahi. Lakini mbwa akikubwekea, ujue amekuhesabu kuwa mtu. Hawa walirudi nyuma taratibu, mkia chini, wakanipisha.

Watu nao walinipisha. Nikishamhudumia mgonjwa, nikimaliza kumgeuza, kumpima joto, kumwonyesha binti yake namna ya kumlaza kifudifudi, nilitoka nje na kukuta ua hauna mtu. Sufuria inachemka jikoni, redio inaimba, mtu hakuna. Kwenye jiwe pembeni mwa njia kumewekwa mayai ndani ya majani makavu ya mgomba. Siku nyingine boga. Siku nyingine kuku aliyefungwa miguu, ananitazama kwa jicho moja. Nilijua wako nyuma ya mlango. Nilisema asante kwa sauti, na hakuna aliyejibu.

Wanasema asante ya punda ni mateke. Kuna siku nilimwonea wivu anayepigwa teke. Yeye angalau amefikiwa.

Kilichonisumbua ni kwamba namna ile ya kushukuru niliijua. Bibi yangu mzaa mama, huko Buger, alikuwa Mkristo mwenye rozari shingoni, lakini kabla ya kunywa pombe yake alimwaga kidogo pembeni mwa ua, akageuza uso. Nilipomuuliza kwa nini anageuza uso, alisema wanaokuja kunywa wana haya, hawapendi kutazamwa. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nikiwekewa vitu pembeni, na watu ndio waliogeuza uso.

Hata nyumbani. Nilikuwa nikiishi na mama yangu, na kwa sababu ya sukari yake nilihamia ghala la mahindi ili nisimletee ugonjwa. Jioni aliweka sahani ya makande kizingitini, akarudi nyuma hadi kwenye mparachichi, akasimama. “Kula, mwanangu,” alisema, akitazama chini. Tulikaa hivyo miezi. Nilijua anafanya nilichomwagiza mwenyewe, na bado iliniuma kila jioni.

Kisha mwenzangu aliyehudumia maboma ya huko juu, ng’ambo ya lango la hifadhi, naye akaugua, nikapangiwa nafasi yake. Gari la zahanati lilipanda ndani ya ukungu wa ukingo wa kreta. Miaka mingine ungepishana na magari ya watalii yakifukuzana kama harusi. Siku hiyo hapakuwa na gari hata moja. Nyani walikaa katikati ya barabara, na dereva alipopiga honi walitutazama kwanza, ndipo wakaondoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nilijisemea ili nicheke, na sikucheka.

Boma lilikuwa la bibi mmoja wa Kimaasai, mzee sana, macho yake yameanza kufunikwa na utando. Mwanawe alikuwa malishoni na ng’ombe. Aliyetupokea ni mkwe wake, mama wa makamo aliyesoma shule hadi darasa la saba na kuongea Kiswahili kilichonyooka. Alinieleza tukiwa bado nje kwamba koko, yaani bibi, ana homa, anakohoa, na tangu juzi hajanywa kitu. Si maji, si maziwa, si dawa.

“Hawezi kumeza?” nikamuuliza.

“Anaweza. Hataki.”

Niliinama kuingia. Nyumba zile zina mlango unaokunja kona, na ukishapita kona unaacha mchana nje. Nilisikia pumzi yake kabla ya kumwona. Alikuwa amelala juu ya ngozi, mdogo, shuka jekundu limemfunika hadi kidevuni. Nilimwekea mashine ya kidole inayopima hewa kwenye damu. Pumzi yake ilikuwa bado inatosha. Nikamfinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama palepale nilipoifinya. Nikaelewa kwamba kitakachomuua bibi huyu si kifua, ni kiu, na kwamba asipokunywa leo, kesho nitakuja kumfunika.

Alisema kitu kwa Kimaasai, kwa upole kabisa, akinitazama usoni mahali ambapo mdomo wangu ungekuwepo.

“Anasema asante,” mkwe akatafsiri.

“Mwambie ndiyo kwanza nimefika.”

“Anasema asante kwa kuja kumchukua. Anasema umekuwa na adabu, umekuja mchana.”

Nilihisi jasho likishuka mgongoni ndani ya ile plastiki. Nikachanganya maji ya chumvi na sukari kwenye kikombe, nikamsogezea. Akafunga mdomo, akageuza uso ukutani.

Mkwe alinieleza kwa kunong’ona. Mama yake koko alimfundisha zamani, akiwa msichana, kwamba kuna wanaokuja bila mdomo. Hawana ubaya. Wametumwa. Lakini anayekunywa maji ya mkononi mwao harudi. Yule mwenzangu alikuja akiwa amevaa kama mimi, akatia dawa kwenye dumu la maji, na tangu siku hiyo koko hakutaka tena kitu chochote cha nyumba ile. Hata maziwa, kwa sababu kibuyu kilisuuzwa kwa maji ya lile dumu.

“Mwambie mimi ni mtu,” nikasema. “Nina mama. Natoka Karatu hapo chini.”

Akamwambia. Koko akajibu kwa maneno machache, na mkwe akasita kabla ya kuyatafsiri.

“Anasema, kama u mzima, tema mate. Wafu hawana mate.”

Yeyote aliyekulia kwingine ataona ni matusi. Kwetu ukimtemea mtu mate umemvunjia heshima yote. Lakini kwa Wamaasai mate ni baraka. Mzee anamtemea mtoto kwenye paji la uso, anatema kiganjani kabla ya kukupa mkono, na hapo amekupa kitu chake cha ndani. Nililijua hilo. Nilijua pia kwamba kwa miezi mingi nilikuwa nimesimama kwenye viwanja vya makanisa na magulio nikipiga kelele: usiteme mate, funika mdomo, usiteme mate! Na sasa uhai wa mtu ulikuwa umening’inia kwenye mate yangu mimi.

Sikuweza kufanya hivyo ndani. Tulimvuta juu ya ngozi yake, mimi na mkwe, hadi mlangoni, mwanga ukamwangukia. Mimi nikaenda ng’ambo ya zizi la ndama, hatua chache tu, upande ambao upepo ulitoka kwake kuja kwangu, si kwangu kwenda kwake. Nikavua ngao. Nikavua barakoa. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo, na hewa ilinigusa uso kwa namna ambayo nilikuwa nimeisahau. Koko alijiinua kwenye kiwiko, akanikazia yale macho yake yenye utando.

Nikajaribu kutema, na hakuna kilichotoka.

Ukishavaa vile hunywi maji tangu asubuhi, kwa sababu kuvua ni kazi. Ulimi wangu ulikuwa mkavu kama unga. Nikavuta mashavu, nikameza, nikajaribu tena. Ikatoka hewa tupu. Niliomba maji, na mkwe akatikisa kichwa: nikinywa, nitakachotema ni maji, si mate, na koko ataona. Nikajaribu mara nyingine. Hapo mkwe, aliyesoma, aliyekuwa akinisaidia tangu nifike, akarudi nyuma hatua moja. Akamwangalia mama mkwe wake, kisha akaniangalia mimi miguuni, kama mtu anayetafuta kivuli changu.

Nasema kweli, niliogopa. Sikumwogopa koko. Nilijiogopa mimi. Nilikumbuka mbwa wasiobweka, boga kwenye jiwe, mama yangu chini ya mparachichi akitazama ardhi, na kwa muda mfupi sikuwa na hakika. Pengine niliugua nikafa kule ghalani na hakuna aliyeniambia. Ndama mmoja alikuwa amenigeuzia mgongo, na hapakuwa na mlio wowote boma zima.

Kilichoniokoa ni hasira. Mimi ni mtu wa hasira, hata mama hulalamika. Nilimwangalia yule bibi amejiinua kwa kiwiko kuniamulia kama nipo au sipo, nikawaka. Nikaanza kumgombeza, kwa Kiiraqw cha kwetu, kwa sababu ndiyo lugha ninayojua kugombeza nayo. Nikamwambia nimechoka. Nikamwambia nimelala na panya kwenye magunia ili watu kama yeye wapone, mama yangu ananilisha kama mbwa wa jirani, nimekuja huku juu na baridi hii, na yeye ananiletea habari za wafu! Kunywa maji, bibi wewe! Nikapiga kelele mpaka ndama wakashtuka, mpaka mbwa wa boma, aliyekuwa amejificha tangu gari letu lifike, akatoka na kunibwekea kwa meno yote. Na mdomo wangu ukajaa.

Nikatema. Palikuwa na povu dogo jeupe kwenye vumbi la samadi, na nzi akaja akatua juu yake.

Koko aliyatazama mate yale. Alimtazama nzi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani ni kikohozi, kumbe anacheka. Akasema kitu, akarudi chini kwenye ngozi yake.

“Anasema wafu hawagombani,” mkwe akasema, naye analia. “Anasema nilete yale maji.”

Alikunywa kikombe chote, na kingine. Nilivaa barakoa yangu na kukaa naye hadi dereva aliponiita. Nilirudi huko wiki baada ya wiki, na kila nilipofika nilianza kwa kusimama ng’ambo ya zizi, nikavua, nikatema, ndipo nikaingia. Mwongozo wa kazi haukuwa na kitu kama hicho. Koko akapona.

Ugonjwa ulipotulia, mkwe alinipigia simu kwamba koko ananitaka. Nilienda na sketi yangu ya kanisani, uso wazi. Safari hii mwanawe alikuwepo, na wajukuu, na wote walisimama karibu nami, wakanishika mikono. Koko alikuwa ameketi nje juani. Aliuvuta uso wangu hadi karibu na wake, akaupapasa mdomo kwa vidole, taratibu, juu na chini, kama anayepima kitambaa. Halafu akaniombea kwa Mungu kwa sentensi fupifupi, na kila sentensi wote wakaitikia “Naai”, yaani ee Mungu, na mwisho akanitemea mate: kwenye paji la uso, kwenye shavu, kifuani. Yalikuwa ya moto, yenye harufu ya maziwa na tumbaku.

Nilishuka Karatu nayo yakinikaukia usoni, ngozi ikivutika. Nilipoingia uani, mama alikuwa chini ya mparachichi wake. Mazoea yalikuwa yamemshika. Kazi ya hatari ilikwisha, naye bado alisimama mbali. Alikunja uso.

“Una nini shavuni?”

“Nimeshukuriwa, mama.”

Akatazama. Kisha akaja, akalowesha ncha ya kanga kwa mate yake mwenyewe, kama alivyonifanyia nikiwa mtoto kabla ya kwenda misa, akaanza kunifuta.