Majina Mawili ya Kujaribia

Nnaandika hichi huku uso umeniiva kwa haya, maana aibu yenyewe niliitafuta kwa ulimi wangu. Mjukuu wangu Rahma alikuwa anakitengenezea kikundi chetu cha akinamama wa Gando tovuti ya kutangaza harusi na misiba, tuache kuzunguka nyumba kwa nyumba, na siku hiyo alikuwa anatia kitu wanachokiita maktaba (si ya vitabu, ni kazi iliyokwisha kuandikwa na watu wengine, wewe unaichukua unaipachika kwenye yako, kama kununua nazi iliyokwisha kunwa). Maktaba hiyo ndiyo ya kupeleka ujumbe kwenye simu za wanachama wote kwa pamoja.

"Bibi, nitajie majina mawili ya uongo nijaribie."

Basi mie, ninayemjua kila mtu na baba yake na babu yake, jina la uongo nikalikosa, kila ninalolishika lina mwenyewe. Nikamwambia tia langu, Riziki binti Omar, mjane mie, na la mume tia Faki Hamad wa Shumba (mgane, mtu mpole, hana neno). Rahma akacheka, akaandika nikaha ni Ijumaa baada ya sala, akabonyeza. Kumbe maktaba ile ukishaipachika sharti uiambie kuwa unajaribu tu, na hilo alikuwa hajalifanya, ujumbe ukenda kweli kwenye simu za wanachama wote.

Laasiri haijaadhiniwa, ua umejaa. Bi Mwanamize, mwenyekiti wetu, kaja na vigelegele, wenzake na udi, na nilipowaeleza kuwa hakuna harusi akamgeukia Rahma.

"Kitu chako kinasema uongo, mwanangu. Bora turudi kuzunguka majumbani."

Miezi mtoto kaifanya kazi ile, machozi yakamlenga. Ndipo nikasema mbele ya wote kuwa majina nimeyataja mie.

"Majina yote ya Pemba hii, Bi Riziki, likakujia la Faki?" akaniuliza Bi Mwanamize.

Mara hodi mlangoni, Faki mwenyewe, kanzu imepigwa pasi (binti yake kaolewa kwetu, naye ni mwanachama, ndiye aliyempasha).

"Bi Riziki, nasikia Ijumaa naoa. Nimekuja kuuliza saa ngapi."

Walicheka mpaka Bi Mwanamize akakaa chini. "Haya," akasema akijifuta macho, "ujumbe umefika mpaka Shumba, basi kinafanya kazi. Kirekebishe, Rahma, tukitumie."

Mie nimeapa sitaji tena jina la mtu mbele ya kompyuta. Faki nilimpa chai, akanywa vikombe viwili, akaondoka bila ya kuniuliza tena ile saa, na hilo nalo, nikisema kweli, limenikaa moyoni.