Kiti cha Padre Kisichochoma

Miaka ya hamsini kigango chetu, karibu na kijiji cha Mbingu, kilikuwa kidogo na chenye joto. Padre alipokuja na pikipiki yake, mara moja kwa mwezi, aliungamisha watu nje, kando ya ukuta, juu ya kiti cha chuma. Jua la asubuhi lilikichoma kile chuma, naye akaungamisha kwa haraka ya mtu aliyekalia kikaango. Hujamaliza dhambi ya pili, umeshaondolewa zote. Kitubio: Salamu Maria tatu. Tulimsifu kwa huruma yake.

Nilikuwa seremala kijana, ndoa yangu inakaribia kutangazwa. Nikamwonea huruma padre, nikaamua kumtengenezea kiti. Nilijaribu ngozi ya nyati: juani ikakakamaa, kivulini ikalegea na kunuka, nzi wakaja kuungama. Ubao mtupu wa mninga haukuchoma sana, ila jasho lilikosa pa kwenda. Mwishowe nikasuka ukindu juu ya fremu ya mninga, nikaacha matundu upepo upite. Nilikikalia juani, nikakikalia kivulini, nikasinzia pote pawili.

Mwezi uliofuata padre alikaa, akaegemea, akafumba macho kwa shukrani. Mzee wa kwanza kuungama alipiga magoti karibu nusu saa.

"Wewe kijana," akaniambia alipoinuka, "ameniuliza dhambi nimeitenda mara ngapi. Miaka yote hajawahi kuniuliza mara ngapi."

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimeiba kambale watatu kwenye mgono, ule mtego wa kusuka, wa baba wa mchumba wangu. Nikawataja upesi, katikati ya matusi na uvivu wa sala.

"Polepole, mwanangu," padre akasema. "Leo nina nafasi. Kambale wa nani?"

Kitubio kikawa kwenda kwa mwenyewe na kumlipa, kabla ya ndoa kutangazwa. Nikajua mchumba sina tena.

Mkwe alinisikiliza akiwa amechuchumaa uani kwake.

"Kwa kambale wale," alisema, "nilimpiga mbwa wa jirani."

"Nisamehe, baba."

"Hicho kiti cha padre, kweli hakichomi?"

"Hakichomi, baba."

"Basi suka viwili. Kimoja changu, kingine cha mwenye mbwa."

Nilisuka nikimshukuru Mungu, na ndoa ikatangazwa. Kigangoni, walikochoshwa na maungamo marefu, hakuna aliyenipongeza, hadi masika yalipoozesha ukindu wa padre na kile chuma kikarudishwa juani.