Mstari Uliogusa Nyumba ya Mama Kulwa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Nansio, Mchoraji Mkuu alinipa wembe kabla ya kalamu. Enzi hizo ramani zilichorwa kwa wino kwenye karatasi inayopitisha mwanga, na mstari uliokosewa ulikwanguliwa taratibu kwa wembe. "Bertha," aliniambia, "ukishakwangua mara moja, utajifunza kutulia." Nilikuwa binti pekee chumbani, na haikuchukua muda michoro yangu ikawa ndiyo inayotundikwa ukutani wageni waione. Nasema hivyo bila haya.

Tulifanya kazi wawili wawili. Mmoja alisoma viwianishi kwa sauti, yaani zile namba mbili zinazosema nukta iko mashariki kiasi gani na kaskazini kiasi gani, na mwenzake akaiweka nukta mahali pake. Bosi hakuruhusu mtu ajisomee mwenyewe. Macho, alisema, yanapenda kuona yanachokitaka.

Nilipohamia Mkuyuni, kwenye ofisi binafsi ya wahandisi, kompyuta zilikuwa zimeshaingia. Vijana mnadhani sisi wa wino tulizikimbia. Thubutu! Nilizijua mpaka magonjwa yake. Mstari ukipaa nje ya skrini, mara nyingi wewe umeandika namba kamili ya nukta, lakini mashine inaihesabu kuanzia pale ulipoishia. Ukiweka koma mahali pa desimali, itakuelewa vingine kabisa. Mkurugenzi wetu alikuwa akiniita mbele ya watu: "Daktari, njoo, mgonjwa wako amezidiwa."

Kisha ukaja mfereji wa maji ya mvua wa Mirongo. Sisi tulichora njia yake, na nyumba zilizoguswa na mstari zikapigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, tayari kubomolewa. Asubuhi moja aliingia mama mmoja muuza samaki, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni.

"Shikamoo, mama," tukamsalimia.

"Marahaba. Mimi ni Mama Kulwa. Mpima aliweka kigingi chake nje ya uzio wangu, nikiwa nimesimama pale pale. Sasa hii X imeingiaje ukutani kwangu? Jumatatu tingatinga linakuja, na mimi sina nyumba nyingine."

Nikafungua mchoro. Kweli, mstari uligusa kona ya nyumba yake. Nikalinganisha namba tulizoandika na zile za mpima, na zote zilikuwa sawasawa.

"Bertha, namba ndizo hizo," Mkurugenzi akasema kwa upole. "Tumwambie nini zaidi?"

"Bosi, huyu mama amekiona kigingi kwa macho yake. Naomba unisomee, nichore upya."

Akavuta kiti akaanza kusoma, mkurugenzi mzima, na mimi nikaandika. Mtaa wote ulikuwa unaonekana kwenye skrini, na mstari ukaenda kugonga kona ile ile. Mama Kulwa akatikisa kichwa. Nikaufuta, nikaisogeza picha karibu mpaka uzio wake ukajaa skrini, nikasema, "Rudia, bosi." Akasoma namba zile zile. Safari hii mstari ukapita nje ya uzio.

"Ee! Namba moja, mistari miwili?" Mkurugenzi akasimama.

Hapo nikaujua ugonjwa. Programu ile ina tabia ya kunasa: mstari ukikaribia kona ya kitu kingine, unaikamata. Ni msaada mkubwa unapochora kwa mkono, lakini mashine ile ilikuwa imepangwa ili kunasa kushinde hata namba uliyoandika. Na ukitazama mtaa kutoka mbali, kigingi na nyumba vinaonekana kama vimegusana. Nikaizima tabia hiyo, tukachora mfereji wote upya, yeye akisoma, mimi nikiandika. Kisha tukaenda Mirongo kuhakiki. Kigingi kilikuwa pale pale aliposema mama. Kabla ya Jumatatu mchoro mpya ulikuwa umeshapelekwa, na ile X ikafunikwa kwa rangi ya ukuta.

Nimestaafu sasa, na wajukuu huniuliza nilijenga nini maishani. Wanataka niwaonyeshe ghorofa. Mimi huwaambia kwamba mchoraji hajengi, ila hakuna fundi anayeanza bila yeye, na kwamba kazi hii niliifanya vizuri sana. Kama mmeirithi, msomeeni mwenzenu kwa sauti, na mtu akija kulalamika mpeni kiti.

Masika haya mvua kubwa ilinikuta Mirongo, nikajibanza kibarazani kwa Mama Kulwa. Alikuwa anakaanga sato, wajukuu zake wamelala chumba cha ile kona. Maji yalikuwa yanapita mferejini kwa kishindo, nje ya uzio, yakielekea ziwani. Akayatazama, akanitazama na mimi, akaangua kicheko.

"Bertha, mstari wako leo una kelele!"

Nikacheka naye, na machozi yakanitoka.